Kuchora mandhari yenye jengo kwa rangi zilizotulia

Wanaoanza kuchora mandhari kwa akriliki huuliza maswali yale yale. Nyeusi niweke kiasi gani ili rangi ipoe? Mbona ukuta mweupe unatoka kama haujafuliwa? Mbona jengo linaonekana kama linataka kuanguka barabarani? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo, kwa zoezi moja ambalo ukijipanga vizuri unalimaliza kwa siku mbili.

Swali la kwanza lina jibu fupi: nyeusi usiweke kabisa. Rangi hutulizwa kwa kuchanganywa na mpinzani wake, yaani buluu kwa rangi ya kutu, nyekundu kwa kijani, njano kwa zambarau. Kitu kingine cha kujua kabla ya kushika brashi ni kwamba rangi kali huficha makosa ya mwanga na kivuli, lakini rangi zilizotulia haziyafichi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hapa chini hufanyika kabla hujafungua tyubu hata moja.

Kwa mfano tutatumia Kanisa la Kilutheri la Azania Front pale Kivukoni, Dar es Salaam, lililojengwa enzi za Wajerumani. Lina kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu, mnara, miti na anga pana, karibu kila kitu ambacho zoezi hili linahitaji. Kama Kivukoni ni mbali kwako, nyumba yoyote yenye kuta za rangi nyepesi na paa jekundu au la mabati yenye kutu itafaa, iwe Mbagala au Kunduchi.

MAHITAJI

Rangi nne za akriliki zinatosha. Majina hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo soma kodi ndogo, yaani msimbo wa herufi na namba, iliyoandikwa nyuma ya tyubu. Kodi ndiyo inayokuambia kilichomo ndani.

- Nyeupe ya titani: PW6. Nunua tyubu kubwa, hii ndiyo itakayoisha kwanza.
- Buluu ya ultramarini: PB29.
- Njano ya udongo, inayoitwa oka: PY43 au PY42.
- Siena ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu wa kutu: PBr7 au PR101.

Seti za bei rahisi zenye tyubu 12 au 24 zinavutia, lakini nyingi hazina kodi, na buluu yake mara nyingi ni mchanganyiko unaogeuka kijani ukikutana na siena. Heri tyubu nne za uhakika. Pia usitumie rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya makopo wanayotumia wachoraji wa Tingatinga. Kwa kazi yao inafaa sana, ila kwa zoezi hili inachelewa kukauka, na mng'ao wake utakusumbua kila unapotaka kulinganisha kijivu na kijivu.

Vingine:

- Hadibodi ya sm 30 kwa 40. Mafundi samani, wa Keko kwa mfano, huwa na vipande vilivyobaki. Mwambie fundi akukatie kwa msumeno, usivunje kwa mkono.
- Rangi nyeupe ya kutayarishia ubao (jeso). Ukiikosa, rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa inatosha kwa mazoezi.
- Msasa namba 220.
- Brashi bapa tatu: inchi 1, nusu inchi na robo inchi. Ongeza moja ya duara yenye ncha, namba 2.
- Kisu cha kuchanganyia rangi. Cha plastiki kinatosha.
- Sinia lenye kingo, kitambaa cha pamba, na karatasi ya kuokea keki.
- Chupa ya kupulizia maji, makopo mawili ya maji, penseli ya HB, rula ndefu, uzi na pini.

Sinia ni la kupambana na joto. Loanisha kitambaa, kikamue kidogo, kitandaze kwenye sinia, kisha weka karatasi ya kuokea juu yake na uchanganyie rangi hapo. Kwenye sahani kavu, rangi huanza kuota ngozi ndani ya dakika chache, hasa feni ikiwa inaelekea mezani. Kwenye sinia hili, likifunikwa, rangi inaweza kufika kesho.

HATUA

1. Chagua saa kabla ya kuchagua pembe.

Dar iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana jua huwa karibu na utosi: kuta zote zinapata mwanga unaofanana, kivuli kinajificha chini ya paa, na jengo linakuwa bapa. Nenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Simama mahali unapoona pande mbili za jengo, mmoja ukiwa juani na mwingine kivulini. Ukiona pande zote zina mwanga sawa, hama au subiri.

Piga picha tatu au nne kwa simu, ukiwa umerudi nyuma kiasi cha kutosha ili usilazimike kuinamisha simu kwenda juu. Simu ikiinama, mnara kwenye picha utalala kinyumenyume, nawe utauchora hivyo hivyo. Angalia pia unaelekeza wapi: Ikulu haiko mbali na Kivukoni, na bandari iko mbele yako. Sehemu hizo na maeneo ya jeshi usizipige picha. Ukitaka kukaa ndani ya uwanja wa kanisa, omba ruhusa ofisini kwanza.

2. Chora kijichoro cha mwanga na kivuli.

Kwenye karatasi weka kisanduku cha sm 6 kwa 8, uwiano ule ule wa ubao wako. Finya macho hadi majani na vigae vipotee, kisha gawa unachokiona katika daraja tatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu cha kati, na giza. Kwa mandhari yetu anga na ukuta wa juani ni nyeupe. Ukuta wa kivulini, ardhi na paa la upande wa jua ni kijivu. Miti, paa la kivulini na chini ya mapaa ni giza.

Fanya vijichoro vitatu tofauti, kila kimoja dakika tano. Katika kimoja sogeza mnara kushoto, katika kingine shusha ardhi iwe ukanda mwembamba. Chagua kile ambacho ukikitazama kutoka mita mbili bado unatambua kuna jengo. Maghorofa ya nyuma unaruhusiwa kuyaacha. Ukiyabakiza, yawe na daraja moja na anga, meusi kidogo tu kuliko anga lenyewe.

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo yaliyo mwishoni mwa mwongozo huu.

3. Tayarisha ubao.

Sugua upande laini kwa msasa hadi mng'ao uondoke, futa vumbi, paka jeso mara mbili: mara ya kwanza brashi iende kwa urefu, mara ya pili kwa upana. Acha saa moja kati ya mikono hiyo miwili, na wakati wa masika acha zaidi. Paka mkono mmoja nyuma na kwenye kingo pia. Ubao uliopakwa upande mmoja hupinda, na unyevu wa pwani huingilia kwenye kingo zilizo wazi.

Ukikauka, changanya siena kidogo na maji, paka ubao wote na uufute kwa kitambaa hadi ubaki na rangi ya mchanga wa kati. Kwenye ubao mweupe kila rangi unayoweka inaonekana nzito kuliko ilivyo, na utajikuta unaipausha bila sababu.

4. Chora mistari.

Anza na upeo wa macho, mstari ulio usawa wa macho yako. Kwa mandhari hii uweke sm 8 hadi 9 kutoka chini ya ubao. Kuna kipimo kimoja cha uhakika: ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare, vichwa vya watu wazima waliosimama, wa karibu na wa mbali, vyote hukaa karibu na mstari huo. Miguu yao ndiyo inayopanda au kushuka.

Mistari ya jengo iliyo juu ya macho yako, kama ukingo wa paa, hushuka kuelekea upeo kadiri inavyokwenda mbali. Iliyo chini ya macho, kama ngazi na msingi, hupanda. Ya upande mmoja wa jengo hukutana kwenye nukta moja iliyo kwenye mstari wa upeo, ya upande wa pili kwenye nukta nyingine. Nukta hizo mara nyingi zinaangukia nje ya ubao. Bandika ubao mezani, chomeka pini mahali nukta inapoangukia, funga uzi kwenye pini na uvute: kila mstari wa upande ule ufuate uzi. Mistari ya wima ibaki wima kabisa; pima kwa rula kutoka ukingo wa ubao.

Ncha ya paa la mnara huwasumbua wengi. Chora umbo la juu la mnara kama kisanduku kinachoonekana chote, hata kona iliyojificha, unganisha kila kona ya juu na ile inayoikabili kimshazari, na ncha isimame wima juu ya mahali mistari hiyo miwili inapokatana. Ukiikadiria kwa jicho, paa litaegemea upande.

Vigae na vioo vya madirisha usivichore sasa. Weka alama tu za mahali madirisha yanapoanzia na kuishia.

5. Changanya rangi zote kabla ya kupaka.

Hapa ndipo utulivu wa rangi unapatikana, kwa hiyo usikimbie. Vipimo hivi ni sehemu kwa sehemu, na ni vya kuanzia tu, kwani nguvu ya rangi hutofautiana kwa kampuni.

- Giza kuu: ultramarini 1, siena 1. Lazima likaribie weusi. Likionekana la buluu ongeza siena, likionekana la kahawia ongeza ultramarini. Tengeneza la kutosha, maana utalitumia kutuliza rangi nyingine zote.
- Anga la juu: nyeupe 10, ultramarini 1, siena nusu.
- Anga la chini, karibu na upeo: nyeupe 12, oka 1, na tone la giza kuu.
- Ukuta wa juani: nyeupe 12, oka nusu, siena kwa ncha ya kisu.
- Ukuta wa kivulini: nyeupe 4, ultramarini 1, siena kasoro kidogo ya 1.
- Paa la juani: siena 3, oka 1, nyeupe 2, ultramarini kwa ncha ya kisu.
- Paa la kivulini: siena 2, ultramarini 1, nyeupe kidogo sana.
- Miti: oka 3, ultramarini 1, siena kidogo. Ultramarini ina wekundu ndani yake, ndiyo maana kijani chake hutoka kimepoa chenyewe. Kijani cha kwenye tyubu kingepiga kelele.
- Ardhi: nyeupe 4, oka 1, siena 1, giza kuu robo.

Siku zote weka rangi nyepesi kwanza, uongeze nzito kidogo kidogo. Ukianza na buluu kisha ukamiminia nyeupe ili ipauke, utamaliza tyubu na bado utakuwa na buluu.

Sasa paka kila mchanganyiko kwenye karatasi iliyopakwa jeso, usubiri dakika tano. Akriliki hukauka ikiwa na giza kidogo kuliko ilipokuwa mbichi. Panga vipande hivyo sambamba na uvipige picha kwa simu, kisha uondoe rangi kwenye picha ibaki nyeusi na nyeupe. Ukuta wa kivulini na ukuta wa juani zikitoka kijivu kinachokaribiana, rudi kwenye sinia. Hakuna brashi itakayorekebisha hilo baadaye.

6. Paka anga.

Tumia brashi ya inchi moja, rangi nzito kama mtindi, mikono mipana ya kukatiza. Anza na anga la juu, shuka, ingiza la chini, na pale zinapokutana zipishane zikiwa bado mbichi. Una dakika tano hivi. Puliza maji kidogo hewani juu ya ubao, usiulenge moja kwa moja. Pita hadi ndani kidogo ya mstari wa paa na miti, kwa sababu anga linaloishia kwenye penseli huacha mpaka wa siena kuzunguka jengo.

Zima feni au igeuze ielekee ukutani.

7. Paka kilicho nyuma ya jengo.

Miti ya mbali, maghorofa kama umeyabakiza, na kipande cha maji kama kinaonekana. Chukua rangi ya miti na uichanganye nusu kwa nusu na rangi ya anga la chini. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, vitu vya mbali hupauka na kuelekea rangi ya anga. Kingo ziwe laini: pitisha brashi kavu kwenye ukingo ungali mbichi.

8. Paka jengo.

Anza na ukuta wa kivulini, kisha wa juani. Tumia brashi ya nusu inchi, na upake kufuata uzi wako wa mistari, yaani mikono ya brashi ielekee kwenye nukta. Usijaribu kuufanya ukuta uwe sawasawa kama uliopakwa na fundi rangi. Kuta za zamani zina madoa ya unyevu chini na mwanga zaidi juu. Sehemu ya chini ya ukuta wa kivulini ipate oka kidogo, kwa kuwa ardhi yenye jua hurudisha mwanga wake pale.

Paa linafuata, kisha kivuli cha chini ya paa kwa giza kuu lililopunguzwa na nyeupe kidogo. Ukanda huo mwembamba ndio unaolibana paa kwenye ukuta. Ukali wa kingo uweke hapa tu: mahali ukuta wa juani unapokutana na kivuli, na mahali mnara unapokutana na anga.

9. Miti ya karibu na ardhi.

Paka mti kama umbo moja la giza kwanza, halafu ongeza mwanga upande wa jua kwa rangi ya miti iliyoongezwa oka na nyeupe. Acha matundu machache ya anga ndani ya majani, na rangi ya matundu hayo iwe nzito kidogo kuliko anga lenyewe. Ukitumia rangi ile ile ya anga, yatang'aa kama taa.

Kivuli cha mti kikianguka ukutani, kivunjike kinapofika kwenye kona. Ardhini kilale, kifuate ardhi.

10. Madirisha na vigae.

Kioo cha mchana si cheusi. Tumia giza kuu sehemu mbili na nyeupe sehemu moja, liwe la buluu zaidi juu na la kahawia chini. Fremu iguse pande mbili tu, juu na upande wa kivuli. Vigae vichore mistari saba au nane kwenye sehemu moja ya paa, palipo karibu nawe, na uache jicho la mtazamaji limalizie pengine.

11. Doa moja la rangi kali.

Ukimaliza, chukua siena safi yenye oka na uweke mahali pamoja: ukingo wa paa unaopigwa na jua, au kanga ya mtu anayepita, si kubwa kuliko ukucha. Katikati ya vijivu doa hilo litaonekana kali sana. Ukiweka la pili, la kwanza linapoteza kazi yake.

12. Acha likauke, kisha linda.

Acha wiki moja au zaidi mahali penye hewa, kisha paka vanishi ya akriliki isiyong'aa, mikono miwili myembamba. Vanishi inayong'aa itazamisha vijivu vyako vya chini vionekane vyeusi.

MATATIZO YA KAWAIDA

Rangi zote zimekuwa tope. Umechanganya rangi nyingi mno, au maji ya kuoshea brashi ni machafu. Kopo la kwanza liwe la kuoshea, la pili la kusuuzia tu. Na kila mchanganyiko ujue unaelekea wapi, ubuluu au ukahawia. Kijivu kisichoelekea popote ndicho kinachoonekana tope.

Ukuta mweupe unaonekana mchafu. Mara nyingi ukuta hauna kosa; anga ndilo jeupe kupita kiasi na linauzidi. Shusha anga daraja moja, ukuta utasafika wenyewe. Kama umetumia nyeusi kwenye kivuli, pita juu yake kwa mchanganyiko wa ultramarini na siena.

Jengo linaelea. Limekosa kivuli linapokutana na ardhi. Weka mstari mwembamba wa giza kwenye msingi, usiolingana unene, na acha majani au vumbi vivuke sehemu mbili tatu.

Jengo limepinda. Geuza mchoro juu chini au uutazame kwenye kioo, kosa litajionyesha. Kwa kawaida ni mistari ya wima, wala si ile inayokwenda kwenye nukta.

Anga lina michirizi. Ulirudi kupaka rangi ikiwa nusu kavu. Usiguse tena, acha ikauke kabisa, kisha paka mkono wa pili wote kwa mara moja.

Rangi inabanduka ukipitisha kidole. Umeongeza maji mengi hadi gundi iliyomo kwenye rangi ikaisha nguvu, au ubao haukusuguliwa. Palipobanduka sugua kwa msasa, paka jeso, rudia.

Mchoro mzima umepooza. Upige picha, ondoa rangi kwenye simu, na uulinganishe na kijichoro cha hatua ya 2. Ukikuta vyote ni kijivu kimoja, usiongeze rangi kali. Ongeza giza chini ya mapaa na kwenye mti wa karibu, inua ukuta wa juani kwa nyeupe na oka, halafu piga picha nyingine.